Wanahama Lini?

Baba hakutaka zawadi. Nilipomuuliza nimletee nini kutoka Kanada, mahali ambapo wenzake wangetaja saa au koti, yeye aliendelea kunoa panga lake, akasema, "Umesema mji wenyewe uko kando ya bahari, na mvua yake inanyesha nusu mwaka. Basi waulize wanahama lini."

Nilicheka. Nilikuwa na miaka thelathini na mbili, mtaalamu wa kupasua mbu kwenye mradi wa malaria pale Ifakara, na nilikuwa nimepata safari ya wiki kumi kwenda Vancouver kujifunza darubini mpya. Pua yangu ilikuwa juu. Nikamwambia, "Baba, wale wana maghorofa. Wahame waende wapi?"

"Ndiyo maana nakwambia uwaulize," alisema.

Kwetu Namawala tunahama kila mwaka. Mvua zikianza, familia inafunga nyumba ya kijijini na kwenda kukaa shambani, chini kabisa kwenye mbuga, kwenye kijumba cha miti na nyasi, kulinda mpunga dhidi ya nguruwe, viboko na ndege. Mto ukipanda sana, tunarudi kijijini. Kazi yote ni kujua siku ya kurudi. Ukitoka mapema, wanyama wanakula mpunga wako. Ukichelewa, maji yanakumeza wewe. Baba alikuwa amechomeka mti kwenye ukingo wa shamba, akauchonga alama tatu kwa panga. Maji yakigusa alama ya kwanza, tulifunga vyombo. Yakigusa ya pili, tuliondoka. Ya tatu hatukuwahi kuiona tukiwa bado huko. Majirani walikuwa wakimtazama yeye. Polikarpo akitoka, nao wanatoka.

Lakini mwaka wa tisini na saba, mwezi wa nne, baba alitoka kwenye alama ya pili na mto ukashuka siku ileile. Tuliporudi baada ya siku nne, nguruwe walikuwa wamemaliza kazi. Watu walimcheka kilabuni msimu mzima. Mdogo wake, baba mdogo Stanislaus, akaanza kumwita Nuhu. Baba alicheka pamoja nao, ila mimi namjua baba yangu. Jambo lile lilimwingia.

Nilisafiri mwanzoni mwa Januari, tisini na nane. Mvua za mwaka ule, zile ambazo redio ilikuwa ikiziita El Nino, zilikuwa zimeanza kabla ya Krismasi, na mto Lumemo ulikuwa umejaa. Baba na mama walikuwa wameshahamia shambani. Mdogo wangu Fidelis alibaki kijijini, akiwapelekea chumvi na mafuta kwa mtumbwi mara moja kwa wiki, na siku nyingine akinywa pombe. Nilimkuta kilabuni siku ya kuaga, nikamsema mbele ya watu mpaka akainamisha kichwa. Ulimi wangu ni mkali, sijawahi kukataa hilo.

Sasa niseme juu ya Vancouver, na nitasema nilivyouona mimi, siyo walivyotaka niuone.

Mji umebanana. Maghorofa ya vioo yamesimama bega kwa bega mpaka baharini, na milima wanayojisifia sikuiona kwa siku kumi na tisa. Niliambiwa tu kwamba ipo, nyuma ya mawingu. Mvua niliikuta na mvua niliiacha. Na ni mvua isiyo na adabu. Haipigi hodi kwa upepo wala radi, haina harufu ya udongo, na haisemi inaondoka lini. Kwetu mvua inagonga bati mpaka mnaacha kuzungumza. Kule haisikiki. Unachungulia dirishani, unaona watu wamelowa, ndipo unajua kwamba inanyesha. Saa kumi na nusu jioni giza limeshaingia, taa zinawaka, na maghorofa yote yanatokwa maji kimya kimya.

Chura sikumsikia hata mmoja. Hilo lilinitisha kuliko baridi. Kwetu mvua ya siku kumi bila sauti ya chura, watu wangemwita padri.

Wenyeji hawaikimbii mvua, wala hawaizungumzi. Wanatembea ndani yake wakitazama chini, kila mtu na safari yake. Kwenye kituo cha basi nilimwambia mwanamke mmoja, "Pole na mvua." Akanitazama, akasogea pembeni. Kuna mtaa niliokuwa nikiupita kwenda maabara, ambako watu wamelala kwenye vibaraza vya maduka yaliyofungwa, wamejifunika maboksi, na maji yanapita karibu na vichwa vyao. Wapita njia wanawaruka. Asubuhi ya kwanza nilidhani ni ajali, nikasimama, nikatafuta mtu wa kuniambia nini kimetokea. Hakuna aliyesimama nami. Nilimzoea mzee mmoja mwenye ndevu nyekundu, nikawa namsalimia kila siku naye ananijibu kwa kuinua kidole. Siku moja boksi lake lilikuwepo na yeye hakuwepo. Nilimuuliza mwenye duka. Akasema hamjui mtu kama huyo.

Maji yote ya barabarani yanaingia kwenye mashimo yenye vyuma. Yanaingia na hayatoki. Pembeni ya mashimo mengine wamechora samaki wa rangi ya njano, na mimi niliwacheka sana wale samaki, nikawa nasema moyoni kwamba Wazungu wana muda wa kupoteza.

Nilipanga chumba kwa mjane mmoja aliyetoka Hong Kong, jina lake Bi Lam. Kiingereza chake kilikuwa kibovu na changu hakikuwa kizuri, kwa hiyo tulielewana. Chumba chenyewe kilikuwa chini ya nyumba, nusu ardhini, na dirisha lake lilikuwa usawa wa barabara. Kutwa niliona miguu ya watu. Kulikuwa na mlio pale chini. Ukilala na kuweka sikio kwenye mto, unasikia kitu kinanguruma chini ya sakafu, taratibu, hakikomi. Nilimuuliza Bi Lam, akasema ni friji. Nikakubali. Mgeni hukubali mengi.

Wiki ya pili nikakumbuka agizo la baba. Bi Lam alikuwa anamenya tangawizi. Nikamuuliza, "Maji yakipanda hapa, mnahamia wapi?"

"Yapande yaende wapi?" aliniuliza.

"Yaingie ndani. Mvua hii ni ya mwezi mzima."

Alicheka, akaniambia amekaa nyumba ile miaka kumi na moja na hajawahi kuhama hata siku moja. Nilimuuliza pia kijana wa maabara, na mlinzi wa mlango wa chuo. Wote walishangaa swali. Basi jioni ile nilikaa chini ya dirisha la miguu nikamwandikia baba barua. Naikumbuka yote, na sehemu yenyewe ni hii:

"Baba, nimewauliza kama ulivyoniagiza. Hawahami. Hapa mvua inanyesha mwezi mzima, bahari iko pale, na hakuna mtu anayetoka nyumbani kwake. Nimewaza sana juu ya jambo hili. Naona sisi tunayaogopa maji kwa sababu tumezoea kuyaogopa. Mwaka huu msikimbie ovyo mkawaachia nguruwe mpunga. Kaeni. Wanaokucheka utawacheka wewe."

Nataka ieleweke kwamba niliiandika kwa upendo. Nilikuwa namwona baba kilabuni, anaitwa Nuhu, anacheka kicheko kile kisichofika machoni. Nilitaka kumpa jibu la kuwarudishia. Lakini siyo upendo peke yake. Sentensi ile ya mazoea ya kuogopa niliipenda sana. Niliisoma mara tatu kabla ya kufunga bahasha, nikajiona mtu aliyeona dunia.

Barua niliitia posta tarehe kumi na sita Januari.

Mwisho wa mwezi ule ukuta wa chumba changu ulianza kutoa jasho. Kwanza doa, halafu michirizi, halafu asubuhi moja nikashuka kitandani nikakanyaga maji. Bi Lam akamwita fundi mmoja mnene mwenye pampu. Fundi alipiga magoti, akaweka kiganja sakafuni, akatikisa kichwa kama daktari anayemshika mgonjwa asiye na matumaini. Nikamuuliza kama friji ndiyo inavuja.

"Friji gani? Huo ni mto," alisema.

Alinieleza huku pampu inavuta. Zamani, mtaa ule wote ulikuwa bonde, na mto ukipita hapo hapo, na samaki wakubwa wakipanda kutoka baharini kuzaa. Watu waliokuwa wakiishi hapo tangu asili walijua majira yake, walihama na kurudi. Kisha mji ukaja. Mto ukatiwa kwenye bomba, ukafukiwa, zikajengwa nyumba juu yake. Siyo mmoja, alisema, ni mito mingi. Iko yote chini, inatembea hadi leo. Wale samaki wa njano wanaonyesha kwamba kila shimo linakwenda baharini. Kuna wahandisi na pampu na watu wa zamu wanaoilinda usiku na mchana, na hata hivyo, mvua ikizidi, mto unakumbuka njia yake.

"Kwa hiyo watu hawahami," nilisema.

"Hawana haja. Waliuhamisha mto," alijibu, akaendelea na pampu yake.

Nilikaa kitandani miguu ikiwa imening'inia juu ya maji. Sikujisikia mtu aliyeona dunia. Nilihesabu siku: barua ilikuwa na siku kumi na tano njiani. Kwetu hakuna bomba. Hakuna mtu wa zamu. Kuna baba na mti wake wenye alama tatu, na mimi nilikuwa nimemwambia asiutazame.

Siku ile ile kiongozi wa maabara alinipa habari alizopata kutoka Ifakara: mvua haikatiki, barabara zimekatika, mazao ya bondeni yako hatarini. Nikaomba kutuma faksi kwa ofisi yetu. Karani wetu, Leodegar, ni mtu makini, nilijua ataifikisha. Niliandika: "Tafadhali mwambieni baba yangu Polikarpo wa Namawala atoke shambani mara moja. Balbina." Nikasimama na kalamu. Nilitaka kuongeza kwamba barua yangu imekosea, kwamba nilipewa jibu nusu, kwamba watu hawa hawahami kwa sababu mto wao umefungwa. Lakini karatasi ya faksi husomwa na kila anayepita mezani. Niliiona ikisomwa na madereva, na wapasuaji mbu wenzangu, na mkubwa wangu aliyenipendekeza kwa safari ile. Wangesema huyu ndiye aliyetumwa kusoma. Nikaituma vilevile.

Siku saba sikulala vizuri. Niliweka sikio kwenye mto nikausikiliza ule mto mwingine ukipita chini yangu, na sasa nilijua ni nini. Nilifika mahali nikamwambia Bi Lam naomba nilale jikoni kwake. Hakuuliza sababu, alinitandikia blanketi.

Siku ya nane niliitwa kwenye simu. Alikuwa Leodegar, sauti yake mbali, inakatika.

"Dada Balbina, habari za huko? Mzee anaumwa kidogo. Tumeona ni vizuri urudi."

Kwetu mtu hapewi msiba kwenye simu. Mtu akiwa mgonjwa kweli utaambiwa anaumwa nini, amelazwa wapi, anakula nini. Sikumuuliza Leodegar hata swali moja. Nilimshukuru, nikarudisha simu mahali pake, na nikaona nje watu wanapita kwenye mvua wakitazama chini kama kawaida.

Dionisi, jirani yetu wa shambani, ndiye aliyenipokea stesheni ya Ifakara. Alinipa pole, akachukua sanduku langu, na njiani akanieleza yote bila kupunguza, maana Dionisi hajui kupunguza. Baba alikuwa ameshazikwa. Walimpata siku ya tatu, kwenye matete, upande wa chini wa shamba. Kwenye mfuko wa shati kulikuwa na karatasi, lakini ilikuwa imekuwa uji.

Barua yangu ilifika kabla ya faksi. Fidelis aliichukua ofisini Ifakara, akaipeleka shambani kwa mtumbwi siku hiyohiyo, kwa sababu aliona bahasha ina stempu za nje na alijua baba atafurahi. Baba hakujua kusoma. Akamwita mama, akamwita Dionisi na mkewe kutoka shamba la pili, wakakaa kwenye jamvi, Fidelis akasoma. Alipofika mahali pa kusema kaeni, aliishusha barua.

"Baba," alisema, "kule siyo huku."

"Soma kilichoandikwa," baba akamwambia.

Akasoma. Baba akamwomba arudie. Alimwomba arudie mara nyingi, Dionisi alisema, na kila mara alikuwa akipiga goti lake kwa furaha. "Hawahami!" alisema. "Mwezi mzima! Na mimi nikaitwa Nuhu." Akaikunja barua, akaitia mfukoni mwa shati.

Maji yakagusa alama ya kwanza, hakufunga vyombo. Hapo ndipo faksi yangu ilipofika. Leodegar alimpata Dionisi sokoni Ifakara, akamsomea, na Dionisi akatembea siku nzima kwenye tope mpaka shambani kumwambia baba: Balbina anasema utoke.

"Kwa sababu gani?" baba aliuliza.

"Hakusema sababu."

"Barua yake imeeleza sababu," baba alisema. "Hii haijaeleza kitu. Mtoto ameshikwa na hofu tu, yuko mbali na kwao. Ningepata sababu ningetoka."

Dionisi alirudia maneno hayo mara mbili, huku amebeba sanduku langu begani, hajui anachonifanyia. Nilijikwaa kwenye tope nikaanguka kwa mikono. Aliniinua, akasema pole, barabara mbaya.

Alama ya pili ilipoguswa, Dionisi na wengine waliondoka. Ilikuwa mara ya kwanza kwao kutoka kabla ya Polikarpo. Fidelis akaenda na mtumbwi kuwachukua wazazi. Baba akakataa. Akasema mama aende kama anataka, yeye anabaki na mpunga. Mama alikataa kumwacha. Walibishana mpaka mchana, na wakati wanabishana, maji yalipanda juu ya alama ya tatu kwa mpigo mmoja, kutoka milimani, na mti wenyewe ukaondoka. Mtumbwi ulikuwa mdogo, wa watu wawili. Fidelis alimbeba mama kwa nguvu akamtia ndani, akamwambia baba apande darini angoje. Akasukuma mtumbwi kwa upondo kwenye mkondo ule mpaka nchi kavu, akamtupa mama kwenye nyasi, akageuza. Watu walimshika wakimwambia atakufa. Aliwapiga, akaenda. Alipofika, hakukuwa na kijumba.

Tulifika nyumbani saa tisa alasiri. Matanga yalikuwa hayajaanuliwa, walikuwa wakinisubiri. Wanawake walipoliona sanduku walianza kulia upya, na mimi nililia pamoja nao, nililia kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka, ameegemea ukuta. Alikuwa amekonda. Fidelis alikuwa kando yake, na walisema hakuwa ameondoka kando yake tangu siku ya maji. Ndiye aliyemlisha uji, ndiye aliyemshika mkono kwenye kaburi. Viganja vyake vilikuwa vimechunika vyote kwa upondo. Pombe hakuwa ameigusa.

"Shikamoo, mama," nilisema.

"Marahaba, mwanangu. Umefika."

Walipomaliza sala, baba mdogo Stanislaus alisimama. Sasa hakuwa na utani wa Nuhu. Alikuwa na macho mekundu, na alikuwa anatafuta mtu, kama watu wanavyotafuta mtu kwenye msiba wa namna hii. Nadhani hata yeye alikuwa anajikimbia, kwa kile kicheko cha kilabuni.

"Tusianue matanga tukiwa na donge," alisema. "Kaka yangu alikuwa anajua maji kuliko mtu yeyote wa bonde hili. Amekufa kwa sababu ya barua. Nani aliisoma? Fidelis. Fidelis anasema imeandikwa kaeni." Akanyoosha mkono, na Leodegar, ambaye alikuwa amekuja kuwakilisha ofisi, akampa karatasi. "Faksi ya Balbina hii hapa, kwa mkono wake. Inasema atoke. Sasa niambieni, msomi huyu, mtu wa kupanda ndege, anaweza kuandika kaeni leo, na kesho tokeni?"

Watu waliguna. Mtu mmoja akasema hapana.

"Na Fidelis tunamjua," Stanislaus aliendelea. "Siku ile alikuwa amekunywa au hakunywa, Mungu ndiye anayejua. Alisoma au alitunga? Barua imeoza, hatuwezi kuitazama. Aliyebaki ni mwenye barua." Akanigeukia. "Mwanangu, mama yako yuko hapa. Mwambie mbele yetu. Uliandika nini?"

Nje mvua ilianza tena juu ya bati, kwanza matone machache, kisha yote.

Nitasema nilichofikiri, maana sina cha kujisitiri nacho. Nilifikiri kwamba mama ana watoto wawili tu. Nilifikiri kwamba mmoja wao ndiye aliyekuwa fahari ya nyumba, aliyejenga ukuta huu aliouegemea, na kwamba akiambiwa huyo ndiye, naye atakufa. Nilifikiri kwamba Fidelis amezoea kusemwa. Mimi mwenyewe nilikuwa nimemzoesha. Yote hayo niliyafikiri kwa haraka sana, na yalionekana kuwa ya busara.

"Niliandika atoke," nilisema.

Fidelis aliinua kichwa. Alinitazama usoni, siyo kwa hasira. Alikuwa ananitafuta tu, kama mtu aliyeitwa jina lake gizani. Nilingoja aseme mimi ni mwongo. Alikuwa na haki, naye ndiye aliyeyashika maneno yangu mkononi mwake, aliyesema kule siyo huku akanyamazishwa. Dionisi alikuwepo, angemuunga mkono kwamba ndivyo ilivyosomwa. Ningekana tena? Sijui. Naapa sijui.

Akamtazama mama, kisha akanitazama mimi tena.

"Itakuwa nilisoma vibaya, dada," alisema.

Stanislaus alikaa chini kwa kishindo. Wanawake walishika vichwa. Mkono wa mama ulikuwa bado kwenye kiganja kilichochunika cha Fidelis. Halafu akautoa. Akainuka kwa kujishikilia ukutani, akakunja mkeka wake, akavuka chumba mbele ya watu wote, akautandika kando yangu na kuketi.

"Mwanangu," aliniambia, akaweka kichwa chake begani mwangu.